Neno Ambalo Hatukulifanyia Mazoezi

Asha, uliniomba nikuandikie namna kazi ya kuwakumbusha waigizaji maneno yao inavyofanywa, ili uwe na karatasi ya kutazama badala ya kunipigia simu kila mnapoanza mchezo mpya. Nimejaribu. Kila nikianza naona nimeandika kama mtu anayemwomba ruhusa mwalimu mkuu, nachana. Skuli sikufika mbali, na miaka yangu yote kazini nimesoma maneno ya watu wengine kwa sauti ndogo. Ya kwangu mwenyewe sijui yanaanzia wapi. Basi nitaanza pale nilipoanza mimi, na ukikuta pahala nimejipendelea, pakate kwa kalamu. Sitouliza.

Kwenye kikundi cha maigizo sikuja kukumbusha. Nilikuja kushona. Nguo za waigizaji zilikuwa zikichanika kwapani kila wiki, kwa sababu watu wa jukwaani wakisema jambo lolote lazima wanyanyue mikono. Ukumbi wetu wa wakati huo ulikuwa chini ya nyumba moja kubwa ya Mkunazini, kuta zina unyevu, na mimi nilikuwa nikikaa pembeni na sindano yangu. Aliyekuwa mkumbushaji ni Maalim Simai, mzee mwembamba ambaye alikuwa ameanza kukohoa. Mtu wa kukaa nyuma ya pazia akikohoa, mchezo mzima unapata mtu wa ziada ambaye hakuandikwa.

Siku moja alinijia akanambia amenisikia. Nikaogopa, maana nilikuwa namsengenya mwigizaji wetu mkubwa, suruali yake na tumbo lake, na mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwetu. Maalim akasema yeye alikuwa karibu yangu ndiyo akasikia, yule hakusikia kitu. "Sauti yako inafika inakokwenda, haipiti hapo," akasema. "Njoo kesho, acha sindano." Ndivyo nilivyopata kazi, kwa usengenyaji, na sijawahi kuwaambia wanangu.

Vifaa vyangu unavijua, umevirithi. Kigoda kifupi. Tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ili mwanga usivuje. Nakala ya mchezo iliyoandikwa upya kwa herufi kubwa, mstari hadi mstari nafasi ya kidole, kwa sababu kwenye giza jicho linapotea lakini kidole hakipotei. Kipande cha tangawizi cha kutafuna koo linapowasha. Na miguu mitupu, hata kukiwa na baridi ya Julai, kwani kandambili zina maneno yao.

Pazia letu la upande lilikuwa limefuliwa likarudi, likawa fupi, halifiki chini. Kwa hivyo nikikaa kwenye kigoda nilikuwa naona miguu ya waigizaji tu, hadi magotini. Nilimwomba Maalim tutoboe tundu niwaone nyuso. Akakataa. Alisema uso wa mwigizaji kazi yake ni kudanganya, amefundishwa hivyo na analipwa kwa hivyo, lakini miguu hakuna aliyeifundisha. Nilidhani ni ubahili wa pazia. Pengine ulikuwepo pia.

Mchezo wangu wa kwanza niliuharibu. Palikuwa na baba anayengoja habari za mwanawe aliyekwenda baharini, na mwandishi alimpa kimya kirefu. Mimi nikaona mtu amesahau. Nikamtupia, tena kwa nguvu: "Mwanangu yuko wapi?" Safu ya mbele yote ilisikia, na mwanamke mmoja aliyekuja na kikapu chake akamjibu kwa huruma, "Kazama, baba," kabla mjumbe hajaingia. Alikuwa ameshauona mchezo juzi yake, Maalim akiwa bado kwenye kigoda.

Maalim hakunigombeza. Alinambia kuna kimya cha kuigiza na kimya cha kusahau, na vyote viwili usoni vinafanana. Mtu anayeigiza kimya, miguu yake imetulia, uzito uko chini. Aliyesahau, vidole vya miguu vinakunjika, vinashika jamvi kama anayeogopa kuteleza. Hapo ndipo umpe, tena mpe mwanzo tu wa neno, mengine atayakamata mwenyewe. Nimetumia kipimo hicho maisha yangu yote. Sisemi hakijanikosesha. Nasema nilikuwa sina kingine.

Jambo jengine la Maalim ni makofi. Hili nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Katika kikundi chetu maneno mazito hayasemwi kwenye mazoezi. Kiapo, laana, talaka. Mwigizaji akifika pahala pa neno kama hilo anapiga kofi moja, mchezo unaendelea, na neno lenyewe linasemwa siku ya watu tu. Wapo waliosema desturi hii ilianza pale mama mmoja wa Makunduchi alipokuja kumtazama mwanawe mazoezini, akasikia analaaniwa, akamchukua akaondoka naye. Wapo waliosema Maalim alikuwa mwoga, basi. Nilimuuliza mwenyewe, akasema yote mawili kweli.

Ubaya wa kofi ni kwamba mdomo haujui neno ambalo haujalisema. Mtu anakuja siku ya maonyesho, anajua kila mstari, anafika penye kofi, mkono unataka kunyanyuka na mdomo hauna kitu. Penye makofi nilikuwa nakaza macho kuliko pahala popote. Nakwambia na wewe ukaze.

Miaka ikaenda. Maalim alifariki, Mungu amrehemu, kigoda kikabaki kwangu. Tulicheza katika skuli, viwanja vya mpira, harusi za wakubwa. Uroa tulicheza jirani na hoteli yenye jenereta, sauti yangu haifiki hata kwenye pazia, nikamfunga mwigizaji uzi kwenye kidole cha mguu, ncha ya pili kwenye kigoda: nikivuta, anajua amekosea, anarudi nyuma. Ilifanya kazi vizuri mpaka alipotoka kwa hasira upande wa pili, kama alivyoandikiwa, na kigoda changu kikamfuata. Watu wa Uroa walidhani ni sehemu ya mchezo. Hatukuwasahihisha.

Halafu ukaja mwaka wa korona. Kwetu hakukufungwa kama tulivyosikia nchi nyengine, hakuna askari aliyesimama mlangoni kukuzuia. Lakini wageni waliondoka, hoteli zikafunga milango, skuli zikafungwa, ndoo za kunawia zikapangwa Darajani, na wanaume waliozoea kutoka alfajiri na kurudi Magharibi wakakaa ndani mchana kutwa. Mtu asiye na pa kwenda amefungwa vile vile. Sisi hatukucheza kitu. Mimi nilikaa Bububu nikisoma nakala za zamani kwa sauti ndogo, na paka wangu akiondoka kila nikianza.

Riziki alikuja kuwa mwongozaji wetu baada ya hapo. Wewe unampenda na mimi nampenda, kwa hivyo nitajitahidi kumtendea haki katika haya. Aliandika mchezo juu ya mume na mke katika siku zile. Bakari, mwandazi wa meza hotelini, amezoea kurudi nyumbani mara moja kwa wiki. Mwanaidi, mkewe, anashona. Hoteli inafungwa, Bakari anarudi na mkoba wake, na kwa mara ya kwanza tangu waoane wanakaa chumba kimoja mchana na usiku. Bakari hana kazi, anaanza kuifanya nyumba ya mkewe hoteli. Anapanga upya masufuria. Anakunja mataulo kwa umbo la bata, kama walivyokuwa wakiwawekea wageni kitandani, na Mwanaidi kila akitaka kujifuta lazima aue bata. Kila asubuhi Bakari anashika kikombe na kusema, "Chai imepoa." Na Mwanaidi anamjibu, "Ingekuwa ya moto ungesema inaunguza." Watu walicheka sana hapo, hata sisi mazoezini.

Mwisho haukuwa wa kuchekesha. Wanagombana juu ya kitu kidogo, Mwanaidi anamwambia atoke jikoni kwake, na Bakari anasema neno moja: "Nimekuacha." Mwanaidi anavaa buibui lake, anatoka, anavuta pumzi njiani. Riziki alisema wanawake wengi waliambiwa neno hilo katika miezi ile, kwa sababu ya mwiko wa kupikia au dirisha, na hakuna aliyewauliza wanajisikiaje. Alitaka mmoja atoke kwa miguu yake mwenyewe mbele ya watu. Nadhani alikuwa na haki.

Waliochaguliwa ni Makame na Salma. Riziki aliwachukua kwa sababu ni mke na mume kweli: wanaweza kukaa kitanda kimoja jukwaani na kushikana mikono, na hakuna atakayenung'unika. Na kwa ile talaka alimuuliza mwalimu wa dini kabla hajaanza. Akajibiwa kwamba mwigizaji anasimulia, mke anaitwa kwa jina la mchezo, nia hakuna, hapana tatizo. Kwa hivyo hakuna wa kumlaumu. Alifanya kila lililompasa kwa lile alilolijua.

Asilolijua nililijua mimi. Baada ya kusoma mchezo mara ya kwanza, Salma alikuja kukaa kando ya kigoda changu, akawa anakunja taulo, anakunjua.

"Bi Zuwena," akasema, "sisi tumebakisha moja."

Nilidhani anasema juu ya mataulo. Kisha nikaelewa ni talaka. Makame alishamwacha mara mbili. Ya kwanza walipokuwa vijana, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ilikuwa katika mwaka ule ule wa korona. Makame alikuwa akitembeza wageni Mji Mkongwe, wageni hawakuwepo, akakaa ndani, wakagombania dirisha lifunguliwe au lifungwe. Lilimtoka. Haikupita wiki akamrejea, na hakumwambia mtu, hata mama yake kule Tumbatu. Ikija ya tatu hakuna kurejeana tena, mpaka aolewe na mwengine na huko nako kuvunjike. Hilo nyinyi vijana mnalijua pia, lakini naliandika.

Nilimwambia ajitoe. Akasema akijitoa ataulizwa kwa nini, na akijibu mama mkwe atajua. Nikamwambia basi nimweleze Riziki. Akanishika mkono, akaniapisha nisiseme.

"Tena nnataka nimwone," akasema.

"Umwone nini?"

"Kama linamtoka tena."

Kazi yangu ni kuwapa watu maneno na sikuwa nalo hata moja.

Makame mwenyewe, kama alikuwa na hofu, aliificha kwenye mzaha. Si mtu mbaya, na sitaki mtu akisoma hapa amwone mbaya. Ni mtu anayesema kwanza, kisha anakaa siku nzima anatafuta namna ya kukirudisha alichokisema. Nilimgusia kwa mbali, nikamuuliza lile neno la mwisho analionaje. Akacheka.

"Mimi nkisimama pale ni Bakari, Bi Zuwena. Makame nnamwacha mlangoni na viatu."

Salma alikuwa anapita na birika. "Na viatu vikiibiwa?" akasema, bila ya kusimama.

Nilikwenda kuuliza mwenyewe, bila ya kutaja jina la mtu. Sheikh anayesomesha wajukuu zangu Bububu alinambia kama alivyoambiwa Riziki: anasimulia, talaka haipiti. Nikarudi njiani moyo mwepesi. Kisha nikaharibu kwa kumuuliza mwengine, naye ni mwanachuoni vile vile. Yeye akasema talaka si kitu cha kuchezea, na mtu mwenye hadhari akae mbali nayo, khasa akiwa amebakisha kidogo. Wote wawili wamesoma, mimi sikusoma. Nilirudi nyumbani na majibu mawili na hofu ile ile moja.

Mazoezi yakaenda. Kila tulipofika mwisho Makame alipiga kofi, Salma akavaa buibui, akatoka. Kofi lile lilikuwa linanishtua kila siku, kama ambalo sikulitarajia. Usiku nikilala nalisikia. Kwenye nakala yangu, pahala penye neno, nilikuwa nimeandika KOFI, na siku ya maonyesho ilipokaribia nikalifuta, nikaandika neno lenyewe kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi. Nilijiambia, Zuwena, wewe si kadhi, wewe ni mkumbushaji. Kazi yako ni kumpa mtu alichoandikiwa.

Tulicheza ndani ya ua wa nyumba kubwa, baada ya sala ya Alasiri. Unakumbuka, ulikuwa upande wa mataulo. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku hiyo ni ya mwisho kwangu kwenye kigoda, na maonyesho ya pili utakaa wewe. Wanawake walikaa mbele kwenye mikeka, na miongoni mwao mama yake Makame, aliyevuka asubuhi kutoka Tumbatu kuja kumwona mwanawe. Nilipomwona nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," akasema, na akaniuliza kama Makame anajua maneno yake. Nikasema anayajua yote. Nilirudi nyuma ya pazia nimeshajuta.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko mazoezi. Bata wa mataulo waliuawa kwa kicheko. "Chai imepoa" ilipokuja mara ya tatu, kina mama walikuwa wanaitikia na Salma: ingekuwa ya moto ungesema inaunguza. Mimi nilikuwa natafuna tangawizi ambayo ilishakuwa nyuzi tupu.

Ukafika ugomvi. Miguu ya Salma iko karibu na jiko, hina kwenye nyayo. Miguu ya Makame iko kati. Salma akasema mstari wake, "Toka jikoni kwangu, Bakari. Toka nipumue." Na hapo ikawa zamu ya Makame.

Kimya.

Nilitazama miguu. Uzito uko chini, imetulia. Nikashukuru, nikajua anaigiza. Kisha kimya kikazidi, na vidole vya Makame vikaanza kukunjika. Vikashika jamvi. Kidole changu kiko juu ya neno. Ni kusahau kule kunakotokana na kofi, au ni kitu kingine? Kipimo cha Maalim hakikuwa na la tatu. Miguu ya mtu aliyesahau na miguu ya mtu asiyetaka, hakuwahi kunambia inatofautianaje. Upande wa pili Riziki alikuwa ananionesha kwa mkono: mpe. Alikuwa na haki, ndiyo kazi. Mbele, mwanamke mmoja akasema taratibu, "Usimwambie, mwanangu." Sijui kama alikuwa mama yake. Sauti za wazee zinafanana.

Nilijua nikimpa, atalisema. Mwigizaji akipewa neno analisema kabla hajafikiri, nimewafundisha hivyo mwenyewe miaka mingapi. Na nikinyamaza, ameachwa uchi mbele ya watu, jambo ambalo mkumbushaji halifanyi hata kwa adui. Nilifungua mdomo. Nakwambia kweli, Asha, sikujua kitakachotoka.

"Chai imepoa," nikasema.

Vidole vikaachia jamvi.

"Chai imepoa," Makame akasema.

Watu wakaanza kucheka kwa mazoea, halafu wakaacha, kwa kuwa hakulisema kama Bakari alivyokuwa akilisema. Miguu ya Salma haikutikisika. Nikangoja ile ya inaunguza. Haikuja. Nikasikia kikombe kinachukuliwa mezani.

"Lete nikupashie," Salma akasema.

Hilo halikuandikwa popote. Mwenye pazia, ambaye haelewi mchezo wowote lakini anajua kimya cha mwisho kikija, akavuta.

Makofi yalipigwa mengi. Riziki alinijia nimekaa vile vile kwenye kigoda. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Bi Zuwena, lilikuwa neno moja tu."

"Naam."

"Lilikuwa mbele yako."

Nikasema lilikuwa mbele yangu. Akakaa juu ya sanduku la vyombo. Akasema mchezo mzima aliuandika ili mwanamke mmoja atoke mlangoni, na mimi kwa maneno mawili nimemrudisha jikoni kupasha chai. Kama hujawahi kuambiwa jambo la kweli na mtu mdogo kwako, ukalipokea bila ya kuwa na pa kuliweka, utaambiwa siku yako ikifika.

Ni Salma aliyenitoa hapo. Alikuja na kikombe bado mkononi, akamwambia mwenyewe, taratibu, yale aliyoniambia mimi. Tumebakisha moja. Riziki akaweka mkono kichwani.

"Na mlikuwa mnangoja nini kunambia?" akasema. "Mimi ningelitoa siku ile ile."

Hapo pia alikuwa na haki. Tulimwogopa bure, sote wawili, na tukamwachia abebe asichokijua. Sikumwomba radhi vizuri siku ile. Nimemwomba baadaye.

Mimi na Salma tuliondoka pamoja kwa miguu mpaka Darajani, yeye akitaka samaki kabla hawajamalizika, maana mama mkwe analala kwao. Makame alikuwa mbele yetu na mama yake, amembebea mkoba. Mimi nilikuwa na jambo moja rohoni na sikuweza kulishikilia. Nilimwambia, Salma, pengine nimekunyima. Ulitaka umwone kama linamtoka, mimi nikamtia jengine mdomoni. Sasa hutojua.

Akachagua samaki, akamgeuza, akamtazama macho.

"Wewe ulikuwa unatazama miguu," akasema. "Mimi nlikuwa mbele ya uso wake. Neno hakulisahau, Bi Zuwena. Alikuwa nalo mdomoni, anakataa. Ila hakuwa na la kusema badala yake."

Nikamuuliza ana hakika, au anasema kunipoza. Akampa muuzaji samaki amkatie, akasema nikanunue ndimu.

Basi nimebaki na hilo. Siku nyengine naliamini, siku nyengine naona Salma ni mwigizaji mzuri kuliko mumewe, na mtu aliyenihurumia.

Kwa maonyesho ya pili Riziki alibadilisha mwisho. Talaka akaitoa. "Chai imepoa" akaibakisha, lakini Mwanaidi wake wa kutoka mlangoni akampata: Mwanaidi anapasha chai, anaiweka mbele ya mume, kisha anavaa buibui na kutoka vile vile. Bakari anamuuliza anakwenda wapi. "Kupunga upepo," anasema. "Kunywa, isipoe tena." Mimi naona ni bora kuliko wa kwanza na bora kuliko wangu. Kofi likafutwa. Mstari mzima ulifanyiwa mazoezi, mara nyingi, hakukuwa na kitu cha kuogopa.

Siku hiyo nilikaa kwenye mkeka na watu, mara yangu ya kwanza katika maisha kutazama mchezo wetu kutoka mbele. Nilikuwa sijui niweke wapi mikono. Ulipofika ugomvi, Salma akamwambia atoke apumue, na Makame akanyamaza. Mstari ni yale yale maneno mawili ya chai, ameyasema jukwaani mara tatu katika mchezo huo huo, hakuna mtu duniani anayeweza kuyasahau. Akanyamaza zaidi ya siku ile. Niliuona uso wake. Miaka yote hiyo nimefanya kazi naye na sikuwahi kuuona ukiwa kazini. Alikuwa anamtazama Salma kama mtu aliyesimama ukingoni na amegundua sasa hivi kwamba ni ukingo. Nikasema, Salma alisema kweli. Kisha nikakumbuka aliyonambia Maalim juu ya nyuso, na kwamba huyu analipwa kwa hivyo, nikawa sijui tena. Midomo yangu ilikuwa inatembea yenyewe. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimekamata mkeka.

Na wewe, Asha, ulikuwa nyuma ya pazia, siku yako ya kwanza, na hukumpa. Ulingoja, ukangoja, mpaka akalisema mwenyewe. Mimi ningempa. Kwa hofu tu, ningempa. Sijui ulijuaje.

Nilitaka kukuuliza siku ile, ulikuwa umezungukwa na watu. Nakuuliza hapa. Kutoka mbele mimi nilikuwa naona uso tu. Miguu yake ilikuwaje?